Viti Vitano vya Mama Pacha

Ukiingia katika nyumba hii, angalia unapokaa.

Sebuleni kuna viti vitano. Vyote ni vya mbao nzuri, vimepigwa msasa hadi vinang'aa. Lakini vyote vimeinama upande wa kulia. Mgeni akikaa, anateleza polepole hadi anajikuta ameng'ang'ania meza. Majirani wameshajua. Wakija kusalimia husema, "Asanteni, tutasimama tu."

Viti hivyo ni kazi ya Baba Pacha. Yeye ni seremala, na karakana yake iko nyuma ya nyumba. Mkewe, Mama Pacha, ni fundi wa kushona nguo. Cherehani yake ya miguu iko kando ya dirisha la sebule. Pacha wao ni wasichana wawili wa miaka kumi, wanaopenda kucheka kuliko kula.

Zamani, kila asubuhi nyumba ilikuwa na sauti mbili. Nyuma, randa ililia shii, shii. Mbele, cherehani ilijibu taka-taka-taka. Mama Pacha alishona huku akiimba. Mumewe aliitikia kutoka karakana, tena kwa sauti mbovu.

Kisha sauti moja ikanyamaza.

Mambo yalianza siku Mama Pacha alipotoka dukani na jora la kitambaa begani. Hakuiona ngazi ya mwisho. Alianguka kitako kwa kishindo, upande wa kushoto. Watu wakamwinua. Aibu ilimuuma kuliko mwili. Akajipangusa vumbi, akauliza, "Jora limepona? Basi na mimi nimepona."

Hakupona. Maumivu yalikaa mahali pamoja, chini kidogo ya mshipi wa sketi. Yalimchoma alipoinuka kitini. Yalimchoma alipogeuka kitandani. Kusimama kwa mguu mmoja ili avae sketi kukawa mtihani. Alikwenda zahanati, akapigwa picha ya mgongo. Akaambiwa mgongo ni mzima, akapewa vidonge. Vidonge vilipokwisha, maumivu yakarudi.

"Kama mgongo ni mzima, mbona siwezi kukaa?" alimuuliza mumewe.

Baba Pacha alimtazama kwa makini. Aliona mkewe ameegemea upande wa kulia. Tako la kushoto halikugusa kiti kabisa. Uso wa Baba Pacha ukachangamka.

"Nimeelewa!" alisema. "Tatizo ni kiti!"

Mpishi angelaumu chakula. Yeye ni seremala, kwa hiyo alilaumu kiti. Siku hiyo hiyo alitengeneza kiti ambacho miguu ya kulia ilikuwa mifupi kwa upana wa kidole kimoja. Kiti kikainama kumfuata mkewe. Mama Pacha akakaa, akasema, "Afadhali."

Afadhali hiyo ilidumu wiki mbili. Baba Pacha akatengeneza kiti cha pili, kilichoinama zaidi. Kisha cha tatu. Kisha cha nne. Kufikia cha tano, pacha walikuwa wakikitumia kuteleza kwa zamu.

Mama Pacha alijaribu kushona amesimama. Akashindwa. Mwishowe aliifunika cherehani kwa shuka. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akiitamani cherehani ile siku nyingi.

"Nipe mwaka mmoja," Mama Pacha alimwambia. "Kama bado siwezi kukaa, njoo uichukue."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Kisha akaingia chumbani akalia. Watu wote walimjua kwa kazi yake. Bila cherehani, hakujua angekuwa nani.

Wiki chache baadaye jirani yao alikuja kuchukua koti lake lililokuwa limengoja zipu kwa muda mrefu. Jirani huyu ni mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini. Kazi yake ni kuwasaidia wagonjwa kurudisha nguvu za viungo na misuli. Mtaani wanamwita Dada Mazoezi, kwa sababu hawezi kukuona umekaa vibaya akanyamaza.

Dada Mazoezi alikaa kwenye kiti cha tano. Alianza kuteleza. Alishika meza, akashika pazia, akaishia sakafuni.

"Jamani!" alisema. "Kiti hiki kimelewa?"

Pacha waliangua kicheko. Baba Pacha akaeleza, tena kwa fahari. Alionyesha viti vyote vitano na kipimo cha kila kimoja.

"Fundi," Dada Mazoezi alisema, "mikono yako ni ya dhahabu. Lakini umeyatengenezea maumivu mahali pa kukaa. Maumivu hayastahili kiti. Mama Pacha, hebu nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Mama Pacha aligusa sehemu moja tu, karibu na kishimo kidogo kilicho chini ya kiuno upande wa kushoto.

"Miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu? Sehemu za siri je?"

"Hapana."

"Unashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa? Una homa? Unakonda bila sababu?"

"Sikondi, dada. Ningependa, lakini sikondi."

"Vizuri. Ungekuwa na dalili moja katika hizo, tungekwenda hospitali sasa hivi. Lala hapa kwenye mkeka."

Alimkunja mguu, akaukunjua. Akamkandamiza nyonga kutoka pembeni. Alimpima kwa namna tano. Katika namna nne, maumivu yalikuja pale pale.

"Nadhani si uti wa mgongo wenyewe," alisema. "Uti wa mgongo unashuka hadi chini, unaishia kwenye mfupa mpana wa pembe tatu. Mfupa huo umebanwa katikati ya mifupa miwili ya nyonga. Kila upande pana kiungo. Kinacheza kidogo mno, lakini ndicho kinachopokea uzito wa mwili na kuupeleka miguuni. Kikiumia, kila ukikaa au ukiinuka kinalalamika. Kuanguka kitako kunaweza kukiumiza. Hata mimba inaweza kukilegeza, hasa ya watoto wawili."

"Kumbe ni sisi!" pacha walisema kwa pamoja.

"Ninyi pamoja na ngazi ya duka," mama yao aliwajibu.

Baba Pacha alikuwa amesimama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Kiungo kimelegea," alisema polepole. "Mke wangu ana kiungo kilicholegea, nami ninahangaika na miguu ya kiti!" Hapo hapo akageuka kwenda karakana. "Basi ni skrubu moja tu!"

"Rudi hapa!" Dada Mazoezi alimwita. "Wewe na skrubu zako! Wagonjwa wengi hupata nafuu bila kuguswa na kisu. Tunaanza na mazoezi."

Wakaanza. Mara mbili kwa wiki Mama Pacha alikwenda kwenye chumba cha mazoezi hospitalini. Nyumbani alifanya mazoezi kwenye mkeka kila asubuhi. Aliimarisha misuli ya tumbo, ya matako na ya mgongo. Alifunga mkanda maalumu kwenye nyonga. Alijifunza kuinuka kitandani kwa kugeuka mwili mzima, bila kujikunja. Baba Pacha alifanya mazoezi pamoja naye ili kumtia moyo. Siku ya tatu yeye ndiye aliyeshindwa kuinuka.

Baada ya miezi sita alikuwa anatembea vizuri zaidi. Alipanda ngazi bila kushika ukuta. Lakini kukaa bado kulikuwa taabu. Dakika tano tu, halafu anaegemea kulia. Kila alipopita kando ya ile shuka iliyofunika cherehani, aligeuza uso.

"Umefanya yote niliyokuambia," Dada Mazoezi alisema. "Sasa twende kwa daktari wa upasuaji wa mifupa. Kumwona si lazima upasuliwe."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani na maneno machache. Alitazama picha mpya za mgongo na nyonga. Akampima tena.

"Nataka kuwa na hakika kwamba maumivu yanatoka kwenye kiungo hiki," alisema. "Nitaingiza dawa ya ganzi ndani ya kiungo kwa sindano, nikiongozwa na picha ya eksirei. Kama ni chenyewe, maumivu yatapungua sana kwa muda. Kama si chenyewe, tutatafuta kwingine."

Sindano ilichomwa asubuhi. Kisha Mama Pacha alikaa kwenye benchi nje ya chumba, akisubiri. Lilikuwa benchi la mbao, refu, lisilo na mto. Baba Pacha alikuwa akilikagua kwa chini, akinung'unika kuhusu misumari. Alipoinua macho, alimwona mkewe amekaa wima. Matako yote mawili yalikuwa yamegusa benchi.

"Mama Pacha," alinong'ona. "Umekaa."

"Nimekaa," alijibu. Machozi yalikuwa yakimtiririka naye anacheka. "Baba Pacha, nimekaa kama watu!"

Alikaa saa mbili nzima. Hata alipoitwa na daktari, alisema, "Niache kidogo, naonja."

Kesho yake maumivu yalirudi. Lakini sasa walijua yanatoka wapi. Waliporudi kwa daktari, aliwaeleza.

"Kiungo chako kinaweza kuimarishwa kwa upasuaji mdogo. Zamani tulilazimika kufungua sehemu kubwa. Siku hizi, kwa mgonjwa anayefaa, tunapasua sehemu fupi kando ya tako. Ni kama vidole viwili upana wake."

"Kama tundu la kifungo cha koti," Mama Pacha alisema.

"La koti kubwa," daktari alitabasamu. "Tunapitisha waya mwembamba huku tukitazama njia kwenye skrini. Kisha tunapitisha vyuma vitatu vidogo kutoka mfupa wa nyonga hadi ule mfupa wa katikati. Vinakishika kiungo kisicheze. Kazi huchukua kama saa moja."

Aliweka mezani chuma kimoja cha mfano. Baba Pacha alikichukua kabla hajakaribishwa. Alikigeuza, akakipima kwa kucha, akakitazama kwa jicho moja.

"Kazi safi," alikiri. "Lakini daktari, samahani. Hapa gundi mnapaka wapi?"

"Gundi ni mfupa wenyewe. Vyuma vinashika, mfupa unaota taratibu na kuvizunguka. Inachukua miezi. Ndiyo maana tunamwambia mgonjwa asivute sigara. Moshi unachelewesha mfupa."

"Mimi sivuti," Mama Pacha alisema. "Anayevuta ni fundi wa gundi hapa."

Baba Pacha alitoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani shingo upande.

Mama Pacha hakucheka. Kuna jambo lilikuwa likimkaa rohoni. "Daktari, mjomba wangu alipasuliwa mgongo zamani. Alilala kitandani miezi mingi, na hakutembea tena vizuri. Naogopa. Naogopa sana."

Daktari alivua miwani. "Una haki ya kuogopa. Sijui mjomba wako alifanyiwa nini, ila huu ni upasuaji tofauti. Hata hivyo sitakudanganya. Kila upasuaji una hatari zake. Damu inaweza kutoka, au kuganda mguuni. Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Mshipa wa fahamu unaweza kuguswa. Si mara nyingi, lakini hutokea. Na wapo ambao maumivu hupungua tu, hayaishi yote."

"Nikikataa?"

"Huo si ugonjwa wa kukuua. Utaendelea na mazoezi, nasi tutaendelea kukusaidia. Uamuzi ni wako. Si wangu, wala si wa mume wako."

Kwa siku tatu Mama Pacha alilipima jambo hilo. Siku ya nne aliinua pembe ya shuka, akaigusa cherehani. Alikumbuka saa mbili za benchi. Akapiga moyo konde.

"Baba Pacha," aliita. "Mwambie daktari aandae vifungo vyake. Nakuja."

Alilazwa asubuhi. Baba Pacha alisubiri nje ya chumba cha upasuaji akitembea huku na huku. Kwa woga wake alikaza skrubu zote za benchi kwa sarafu. Daktari alipotoka, alisema, "Kila kitu kimekwenda vizuri." Baba Pacha alimshukuru, akaketi kwenye benchi alilolikaza.

Siku iliyofuata Mama Pacha alisimama kwa magongo mawili. Alipopata nafasi, alimwita mumewe pembeni.

"Nitazamie mshono. Nyuzi ngapi?"

"Nne."

"Zimeachana sawasawa?"

"Sawasawa."

"Ngozi imejikunja?"

"Haijajikunja hata kidogo."

"Basi," Mama Pacha alisema kwa raha, "huyu daktari ni fundi."

Alirudi nyumbani siku hiyo. Dada Mazoezi alikuja jioni kukumbusha masharti. Atumie magongo kwa muda aliopangiwa na daktari. Mguu wa kushoto usibebe uzito wote. Asijipinde, asiinue ndoo. Kidonda kiwe kikavu na safi. Ameze dawa zake, na atembee kidogo kidogo kila siku. Pacha waliandika yote kwenye karatasi, wakaibandika mlangoni.

"Na ikitokea homa," Dada Mazoezi aliongeza, "au kidonda kikatoa usaha, au mguu ukavimba na kuuma, au ukakosa nguvu, hamngoji kesho. Mnakwenda hospitali mara moja. Akishindwa kupumua vizuri, vivyo hivyo. Mmenielewa? Fundi, mbona umeshika msumeno?"

Baba Pacha alikuwa ameshika msumeno mkono mmoja na gongo la mkewe mkono wa pili.

"Naona anaegemea kulia," alisema kwa unyonge. "Nilitaka kupunguza gongo hili kidogo."

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Mama Pacha alilazimika kushika kidonda. Kuanzia siku hiyo msumeno ulifungiwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa pacha.

Mwezi wa kwanza ulikwenda polepole. Kulikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Siku moja Mama Pacha alijisikia mzima, akatembea hadi jikoni bila magongo. Pacha mmoja alimsomea karatasi ya mlangoni kwa sauti kubwa, na mwingine akamletea magongo. Mama yao alitii kama mtoto wa shule. Baada ya wiki sita aliacha gongo moja. Kisha akaacha la pili. Mazoezi hakuyaacha.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari alitazama picha mpya. "Vyuma vimetulia," alisema. "Mfupa unaendelea kushikana. Unaweza kurudi kazini. Nusu saa, kisha unainuka unatembea."

Waliporudi nyumbani walimkuta mtu mlangoni. Alikuwa yule mama wa mtaa wa pili. Alikuja na mkokoteni, kwa sababu mwaka ulikuwa umekwisha.

"Karibu ndani," Mama Pacha alimwambia. "Nipe dakika moja tu."

Aliondoa shuka kwenye cherehani. Akavuta kiti cha tano, kile alichokizoea kabla ya kupasuliwa. Akakaa.

Mwili wake wote ukaenda kulia. Akashika cherehani asianguke.

Uso ulimbadilika. "Baba Pacha! Nimepinda! Ugonjwa umerudi!"

Baba Pacha alikimbilia karakana. Alirudi na pimamaji, kile kifaa chenye tone la hewa ndani ya kioo. Tone likikaa katikati, kitu kiko sawa. Alimwambia mkewe asimame wima, akakilaza kifaa juu ya mshipi wa sketi yake. Pacha walisogea. Mama wa mtaa wa pili naye akasogea. Dada Mazoezi hakuwepo; angekuwepo, angewacheka wote. Tone lilicheza kidogo, likatulia.

"Katikati," walisema pacha.

Baba Pacha akakiweka kifaa juu ya kiti. Tone likakimbilia pembeni kabisa, likabaki huko.

"Mke wangu," alisema, "wewe ni mzima. Mgonjwa ni kiti!"

Pacha walitoa ufunguo bila kuombwa. Msumeno ulifanya kazi dakika chache tu. Miguu mirefu ya kushoto ikalingana na mifupi ya kulia. Tone likarudi katikati. Mama Pacha akakaa tena. Upande wa kulia ukagusa kiti. Upande wa kushoto ukagusa kiti. Alingoja maumivu. Alingoja tena. Hayakuja.

"Inauma?" Baba Pacha aliuliza.

Mama Pacha aligeukia cherehani. Alitia uzi kwenye sindano, akaweka miguu yote miwili kwenye pedali.

Taka-taka-taka.

Mama wa mtaa wa pili alitazama mkokoteni wake, kisha akatazama cherehani. Akacheka. "Basi nisirudi mikono mitupu. Nipime gauni."

Ukiingia katika nyumba hii leo, kaa popote. Viti vyote vitano vimekatwa na viko sawa. Ila ni vifupi, na magoti yako yatakaribia kidevu. Usilalamike. Nyuma randa inalia, na mbele kuna mwanamke anayeshona huku anaimba, amekaa wima. Kila baada ya nusu saa anainuka, anazunguka chumba, anarudi kukaa. Mumewe bado anaitikia kwa sauti mbovu.